Jibu Lililokatwa Kichwa

"Ushahidi wenyewe huo," shemeji alisema, akaisukuma karatasi juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Soma, Afande. Halafu uniambie kama huyo ni mtoto au ni nyoka."

Afande hakuishika kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi aliyestaafu upelelezi wa polisi miaka iliyopita, lakini jina la Afande lilikataa kustaafu naye, na mazoea vilevile. Karatasi ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kuachia. Katikati palikuwa na maneno machache yaliyochapishwa:

*Nimepokea ujumbe wako. Kwa sasa niko safarini. Nitakujibu nitakaporudi.*

Basi. Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna hata "mama".

Mwenye karatasi alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani. Wateja wanamwita Mama Pazia, kwa sababu nusu ya madirisha ya ofisi na wodi za mji huo yamevaa kazi yake. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye anayekata fito za chuma za mapazia na kuzitundika. Duka ni moja, mlango mmoja, na tangu msiba uingie humo hawa wawili wanaongea kwa kupitia watu wengine.

"Nisimulie tangu mwanzo, Mama Pazia," Afande alisema. "Kwa utaratibu."

Mama Pazia alianza. Mumewe aliugua akalala, na kila siku alikuwa akimuulizia kitindamimba wao. Kijana huyo huchomelea mabomba nchi za mbali. Huhama na kazi, na kila akihama hubadilisha namba ya simu. Siku moja alipiga simu kwa baba yake, mtandao unakatika katika, akaomba apewe mama, akamtajia anwani ya barua pepe. Niandikie hapo, mama, alisema, simu zangu hazidumu lakini hii haibadiliki. Ukiniandikia na mimi nitaipata ya kwako, nikutumie jina la kampuni na kila kitu. Baba yake alipozidiwa, mama akaandika mara ya kwanza: baba anaumwa sana, njoo. Kesho yake asubuhi akakuta jibu hilo.

"Nililichapisha, nikaenda nalo kitandani. Nikamsomea mwenzangu."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Safari hiyo lazima iwe kubwa.'" Mama Pazia aliitazama karatasi. "Kisha akageukia ukutani. Hakumuulizia tena mpaka anakata roho."

Mashine ya kushona ya jirani ilisikika kupitia ukutani, ikaenda, ikasimama.

"Nikaandika tena kwamba baba yako anaondoka. Nikaandika tena kwamba ameondoka. Kimya."

"Sasa kwangu unataka nini?"

"Nataka kujua kama ni yeye aliyeandika haya. Kama ni yeye, nami nimfute, nipumzike. Sina nguvu za kumchukia nusu nusu. Usiku namlaani, asubuhi naomba laana isimpate. Nimechoka, Afande."

"Ni yeye," shemeji alidakia. "Ukoo mzima umeisoma hiyo karatasi. Na aliona haitoshi! Udongo wa kaburi haujakauka, kapiga kwenye simu ya marehemu. Nikapokea mimi. Nikampa lake, nikakata."

Afande aligeuza kichwa taratibu. "Alipiga simu?"

"Alipiga. Namba yenyewe kaificha."

"Hilo tutalirudia." Sasa ndipo alipoishika karatasi. Aliinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole pembeni, chini, pembeni ya pili. Alipofika juu kidole kikakwama. "Pande tatu zimenyooka. Huu wa juu una meno."

Akatazama mezani. Kati ya chaki na futi ya kupimia ulilala mkasi mzito, ule wa kukatia kitambaa kwa meno meno ili nyuzi zisifumuke.

"Nani aliikata?"

"Mimi," Mama Pazia alisema, kama anayeulizwa jambo lisilo na uzito. "Juu palikuwa na vimaandishi vya kompyuta, vingi, vinachafua. Nikapunguza ukingo. Sipendi kitu chenye ukingo mbaya."

"Na kipande kilichokatika?"

"Kilienda na mabaki ya vitambaa."

Afande alifumba macho kidogo. Miaka yote ya kazi amekutana na watu wanaochoma ushahidi, wanaoumeza, wanaoutupa chooni. Huyu aliupunguza ukingo ili upendeze. Katika vile vimaandishi vichafu ndimo mlimokuwa na anwani ya aliyeandika.

"Kompyuta iko wapi?"

Ilikuwa pembeni, imefunikwa kwa kitambaa cha maua kilichokatwa na kushonwa kwa kipimo chake, na pindo juu. Mama Pazia aliifunua. Kabla hata Afande hajakaa vizuri, kisanduku cha barua kilianza kujaa mbele ya macho yake. *Ujumbe wako haukufika. Ujumbe wako haukufika. Anwani uliyoandika haipo. Ujumbe wako umekataliwa.*

"Hivyo ndivyo siku nzima," Mama Pazia alisema. "Ilianza tulipoweka tangazo la duka mtandaoni, hata kabla sijamwandikia mtoto. Ninarudishiwa barua nisizoziandika."

"Hospitali walipiga simu," shemeji aliongeza. "Wanauliza Mama Pazia tangu lini anauza dawa ya kupunguza kitambi. Nikawaambia sisi tunapunguza mapazia tu. Hawakucheka. Kazi ya wodi mpya wakampa mwingine."

"Mkamwita nani?"

"Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Akasema tumeingiliwa. Akabadilisha nywila. Barua zikaendelea, akabadilisha tena. Kila akija anabadilisha nywila na kunywa soda. Mimi nilishamwambia shemeji, mwizi ni huyo huyo mwanawe. Anamchafulia mama yake jina. Nani mwingine anayeijua anwani yake?"

"Kila aliyesoma tangazo lenu," Afande alisema.

Hakupoteza muda kubishana. Alifungua barua zilizotumwa. Maulizo ya vitambaa, vipimo vya madirisha, na barua tatu za mama kwa mwanawe. Hapakuwa na dawa ya kitambi hata chembe. Akafungua sehemu inayoonyesha sanduku limefunguliwa kutoka wapi na wapi, akashuka nayo hadi chini. Kompyuta hii tu, siku zote.

"Hamkuingiliwa."

"Sasa barua anatuma nani?" shemeji aliuliza.

Afande alichukua bahasha kuukuu ya sampuli za vitambaa, akaandika mbele anwani ya kubuni na nyuma akaandika jina la shemeji, herufi kubwa. "Nikiipeleka posta, na huyu wa mbele hayupo, itarudishwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Umeiandika wewe?"

"Umeandika wewe sasa hivi, si nakuona!"

"Posta haikuniona. Hivyo ndivyo alivyofanya huyu. Anatuma uchafu wake kwa watu maelfu, na nyuma ya bahasha anaandika jina la Mama Pazia. Zile zinazokosa mwenyewe zinarudi hapa. Hajavunja mlango wenu. Ameokota jina tu."

"Basi tumkamate!"

"Yuko nchi usiyoijua, kwenye mashine za watu ambao nao hawajui kama zinatumika. Nimewahi kuwafuata watu wa aina hii. Sijawahi kumtia pingu hata mmoja." Alisema hivyo bila kupamba. "Huyo hutampata. Huenda hata hajui kama kuna mama anashona mapazia duniani."

Mtu mwenye hasira ya kweli anapoambiwa adui hana uso, hubaki na ngumi yake mkononi.

"Turudi kwenye karatasi," Afande alisema. "Hizi takataka huwa mnazifuta?"

"Fundi aliweka amri," Mama Pazia alijibu. "Kila inayosema haikufika inakwenda yenyewe pipani. Zinazoingia hapa mbele ni zile zinazomtoroka. Akaniambia, mama, yoyote inayosema haikufika usiifungue, ni uongo wote. Sikuzifungua hata moja. Pipa sijui kama analimwaga."

Hakulimwaga. Lilikuwa limejaa pomoni. Lakini Afande hakulianza hilo. Aliandika kwanza maneno matatu kwenye kijisanduku cha kutafutia: *kwa sasa niko*.

Zikaja nyingi. *Kwa sasa niko likizo. Kwa sasa niko kwenye semina, wasiliana na katibu wangu. Kwa sasa niko likizo ya uzazi.* Watu ambao Mama Pazia hakuwahi kuwasikia, kila mmoja akimweleza kwa adabu mahali alipo. Na katikati yao, neno kwa neno, nukta kwa nukta: *Nimepokea ujumbe wako. Kwa sasa niko safarini. Nitakujibu nitakaporudi.*

Afande aliifungua na kichwa chake chote, vile vimaandishi vya juu. Akasogeza kiti ili Mama Pazia aone.

"Soma ulichokata."

Mama Pazia alivaa miwani yake ya kutungia sindano. Alisoma polepole, midomo ikicheza. "Kutoka... idara ya manunuzi. Kiwanda cha vigae." Akasimama. "Kuhusu... punguza kitambi kwa wiki moja." Akasimama tena. "Jibu hili limetumwa na mfumo."

"Yule tapeli alimtangazia dawa meneja wa vigae kwa jina lako," Afande alisema. "Meneja yuko safarini. Kompyuta yake imeamriwa imjibu yeyote anayeandika, hata kama ni jiwe. Ikakujibu wewe. Si mwanao, Mama Pazia. Wala si mtu."

"Lakini ilikuja kesho yake."

"Ilikuja kesho yake. Ingeweza kuja jana yake."

Kwa kitambo Mama Pazia alionekana kama aliyetuliwa mzigo. Mabega yalishuka, akatabasamu kidogo kwa shemeji yake, tabasamu la kwanza kati yao tangu matanga. Kisha tabasamu likakauka pale pale usoni, kwa sababu alikuwa amefika mahali ambapo Afande alikwisha kufika.

"Nilimsomea," alisema. "Mume wangu. Nilimsomea barua ya meneja wa vigae."

Aligusa ukingo wa karatasi wenye meno.

"Shemeji," aliendelea, "mwenzangu alikufa na uchungu wa mtu wa vigae."

Afande aliendelea na kazi, kwa sababu hakuwa na jingine la kumpa. Swali moja lilikuwa limebaki: kama hili si jibu la mtoto, jibu la mtoto liko wapi? Alilimwaga pipa lote mezani, kwa namna ya kusema. Kila barua iliyorudi hubeba tumboni ile ya awali, na ile ya awali ina alama za njia iliyopita, kuanzia seva ya kwanza iliyoipokea. Jina nyuma ya bahasha mtu hujiandikia apendavyo. Muhuri wa posta ya kwanza ni vigumu zaidi kuughushi. Aliiamuru kompyuta imwondolee barua zote zilizoanzia kwenye mashine za wageni, na kumwachia zilizoanzia kwa watoa huduma wa Mama Pazia mwenyewe.

Pipa likapungua, likapungua. Zikabaki tatu.

Alizijua kabla hajazifungua. Tarehe zilimtosha.

"Mama Pazia. Barua hizi tatu zilitoka kwako kweli. Zikarudi kweli."

"Zilirudi zikasemaje?"

"Anwani haipo. Zote tatu."

"Haiwezi kuwa haipo! Kanitajia mwenyewe, kwa mdomo wake, na mimi nikaandika pale pale kwa chaki kwenye meza. Alivyotamka ndivyo nilivyoandika."

"Nitajie. Alivyotamka."

Mama Pazia alinyoosha mgongo, kama mwanafunzi. "Kitinda. Nukta. Mimba. Halafu ile a yenye mkia, na jina la kampuni ya barua pepe, hilo fundi alinisaidia."

Afande aliutazama ule mstari kwenye kioo. *kitindanuktamimba*. Herufi zote zilikuwepo, hakuna iliyokosewa. Mwanamke huyu hapungukiwi hata sentimita moja kwenye dirisha la ghorofa ya nne.

"Nukta si neno," alisema hatimaye. "Alimaanisha kitone. Kile unachoweka mwisho wa sentensi."

Mama Pazia alitazama kioo. Akatazama mahali fulani pa meza ambapo chaki ilifutika zamani.

"Mimi niliandika nukta," alisema.

"Ndiyo."

"N, u, k, t, a."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hakupata hata moja."

"Hata moja. Na kila moja ilirudi kukuambia. Ila ulishaambiwa zote ni uongo."

Shemeji alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma, fito mkononi. Afande alimgeukia. Alikuwa ameahidi kulirudia jambo, na sasa hakuwa na hamu nalo hata kidogo.

"Ile simu. Alipopiga, alianza na maneno gani?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

Shemeji aliegemeza fito ukutani kwa uangalifu usio na maana. "Alisema, 'Shikamoo baba mdogo. Nipe baba niongee naye.' Nikaona hii ni kejeli. Mtu kapewa habari, kajibu yuko safarini, baba kazikwa, halafu anapiga anasema nipe baba!"

"Mtu anayejua baba yake amekufa huomba apewe aongee naye?"

Shemeji aliishika tena fito.

"Wewe ukamwambia nini? Neno kwa neno."

"Afande, nilikuwa na hasira..."

"Neno kwa neno."

"Nilimwambia, 'Huna baba hapa. Usipige tena.'"

Mama Pazia aliachia sauti ndogo, kama mtu aliyejichoma sindano.

"Nilimaanisha..." shemeji alianza. "Si nilidhani anajua! Nilimaanisha amekufa, na wewe hukuja, kwa hiyo..." Alisikia mwenyewe maneno yake yalivyosikika upande wa pili wa simu, akakaa chini kwenye marobota ya vitambaa. "Ameelewa tumemkataa. Ameelewa baba yake kamkataa."

"Laini ya marehemu iko wapi?"

"Niliivunja. Siku ile ile."

Afande alikuwa na orodha kichwani ya yale anayoyafanya mpelelezi pakifika hapa: namba, kampuni, rafiki, jirani. Namba ilifichwa. Kampuni alikuwa aitaje kwenye barua. Rafiki alikuwa mmoja tu mjini hapo, naye alikuwa baba yake. Kila mlango aliougusa ulikuwa umefungwa kwa ndani na mtu wa nyumba hiyo hiyo.

"Imebaki anwani yenyewe," alisema. "Yenye kitone. Andika, Mama Pazia."

Mama Pazia alisogea. Aliandika kwa kidole kimoja: *kitinda*. Akauliza kitufe. Afande akamwonyesha. Alikibonyeza kwa kidole kilichokakamaa kwa sindano, kikatokea kijidoa ambacho ungedhani ni vumbi la kioo. Kisha *mimba*. Kisha barua yenyewe, na hakuomba msaada:

*Mwanangu. Baba yako amefariki. Alikuulizia kila siku. Hatukukukataa, hukupata habari kwa kosa langu, niliandika nukta. Baba mdogo analia hapa. Njoo.*

"Analia kweli," alisema, bila kugeuka, kama anayethibitisha kipimo. Akatuma.

Wakakaa. Fundi wa jirani alishona mshono mrefu, akakata uzi. Kisha kompyuta ikalia.

"Amejibu!" Shemeji aliruka kutoka kwenye marobota. "Mara moja! Soma, shemeji, soma!"

Mama Pazia hakusoma. Alimtazama Afande, na Afande alikuwa anatazama mstari wa juu, ule ambao watu hukata.

"Imerudi," Afande alisema.

"Imerudi kama zile? Nimekosea tena?"

"Hukukosea." Alitamani angeweza kusema amekosea. "Zile tatu ziliandikwa anwani haipo. Hii inasema akaunti imefungwa."

"Si yale yale?" shemeji aliuliza.

"Si yale yale. Kisichokuwepo hakifungwi. Hii ilikuwepo. Ilikuwa wazi, ikisubiri. Kampuni ya barua pepe haifungi hivi hivi, hufunga mwenyewe."

"Amefunga lini?"

"Hapa haisemi."

Haikuhitaji kusema, na shemeji alijua hivyo. Alifunika uso kwa mikono yenye vumbi la chuma na hakuifunua.

Mama Pazia aliomba achapishiwe. Afande alimwambia si lazima, haina chochote cha kusoma, ni mashine tu. Akasema anajua ni mashine, achapishiwe. Mtambo ukakohoa, ukatoa karatasi na vimaandishi vyake vyote juu, vibaya, vimebanana, vimepinda kidogo upande wa kushoto. Mama Pazia aliilaza mezani, akainyoosha kwa kiganja. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye mkasi wa meno, kwa mazoea, ukaushika.

Akautazama mkasi. Akauweka chini, mbali.

Kisha akatafuta kwenye ule mstari wa juu jina la mwanawe, lililoandikwa sawasawa kwa mara ya kwanza, akaweka ncha ya kidole chini ya nukta.